Mafunzo ya Kiingereza: “Let” na “Rent”

Juma hili yatazamwa maneno mawili ambayo kila mtu akaaye mjini huyaona siku zote, na ambayo mkulima mwenye shamba la kukodi hukutana nayo katika hati zake. Maneno hayo ni “let” na “rent”. Yote mawili huhusu nyumba, chumba, duka au shamba ambalo mtu mmoja analo na mwingine hulitumia kwa malipo. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa maana yake ni moja. Sivyo. Yanafanana kama mlango mmoja utazamwao na aliye ndani na aliye nje, na mtu akilitumia moja mahali pa jingine, aweza kuandika kinyume kabisa cha alichokusudia.

Anayetaka kuyaona maneno haya yakifanya kazi na aende Nairobi, upande wa Kibera, hadi Nyayo Highrise. Jina hili ni la mtaa wa maghorofa uliojengwa ukingoni mwa Kibera, na pia ni jina la wadi moja ya jimbo la Lang’ata. Upande mmoja yasimama maghorofa ya mawe. Upande mwingine, hatua chache tu, zaanza nyumba za udongo na mabati za vijiji vya Kibera. Katika malango na kuta za mtaa kama huo hubandikwa vibao vyenye herufi kubwa: “TO LET”. Ni maneno mawili mafupi, lakini ndani yake mna somo zima la sarufi, na jambo zaidi ya sarufi.

Asili ya maneno haya

“Let” ni neno la kale la Waingereza wenyewe, na maana yake ya kwanza ilikuwa kuacha, kuachilia. Mpaka leo maana hiyo ingaliko. Mtu asemapo “Let me pass”, maana yake “Niache nipite”. Mwenye nyumba “anapoilet” nyumba yake, kwa asili ya neno ni kwamba anaiacha, anaiachilia mikononi mwa mwingine kwa muda.

“Rent” lilitoka kwa Wafaransa, na mizizi yake yamo katika neno la Kilatini lenye maana ya kurudisha au kutoa kile kinachopasa. Kwa hiyo, kwa asili yake, “rent” ni yale malipo anayoyatoa mpangaji.

Basi tangu mwanzo maneno haya yalitazama pande mbili: “let” ni tendo la mwenye mali, “rent” ni malipo ya mwenye kuitumia. Msomaji akiukumbuka mwanzo huu, hatapotea njia.

Namna ya kulitumia “let”

Kwanza, “let” ni tendo la anayetoa, wala si la anayepokea. Husemwa: “The widow lets two rooms to students”, maana yake: Mjane huyo huwapangisha wanafunzi vyumba viwili. Haisemwi kamwe “The students let two rooms from the widow”. Kijineno kinachofuata ni “to”, yaani kwa nani. Mtu akiona “let” na “from” zimeandamana katika habari ya nyumba, na ajue kwamba mwandishi amekosea.

Pili, neno hili halibadiliki kwa wakati uliopita. Husemwa “Today I let, yesterday I let, I have let”. Hakuna neno “letted”, ingawa laandikwa na wengi. Jambo hili huleta taabu ndogo ambayo karani hana budi kuiangalia. “He lets the house to a teacher” maana yake humpangisha mwalimu, na mwalimu yumo hata sasa. “He let the house to a teacher” maana yake alimpangisha mwalimu. Labda yumo, labda amekwisha kuondoka. Tofauti ni herufi moja tu, ile “s”. Katika barua ya madai, herufi hiyo yaweza kumweka mpangaji ndani au nje ya nyumba.

Tatu, pasichanganywe “lets” na “let’s”. La kwanza lina maana ya kupangisha au kuruhusu. La pili, lenye alama juu, ni kifupi cha “let us”, nalo lina maana kama ya Kiswahili “na tu-”: “Let’s go”, yaani “Na twende”.

Nne, “let” likiwa na maana ya kuruhusu halifuatwi na “to”. Husemwa: “The landlord let us stay until Friday”, Mwenye nyumba alituruhusu tukae hadi Ijumaa. Si “let us to stay”. Lakini neno “allow”, lenye maana hiyo hiyo, hulitaka “to”: “The landlord allowed us to stay”. Na ikiwa msemaji ni yule aliyeruhusiwa, ni vizuri atumie “allow”: “We were allowed to stay”. Kusema “We were let to stay” si Kiingereza kizuri.

Tano, kile kibao cha “TO LET” kina jambo la kustaajabisha. Nyumba yenyewe haimpangishi mtu. Nyumba ndiyo inayopangishwa. Hata hivyo Waingereza husema “a house to let”, kama wasemavyo “water to drink”, maji ya kunywa. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo: maji hayanywi, hunywewa, lakini husemwa “maji ya kunywa”, na nyumba hupangishwa, lakini husemwa “nyumba ya kupangisha”. Marekani wao hupenda kuandika “for rent”, nao hawakukosea. Watoto watundu wa miji mingi wamezoea kuongeza herufi “I” katikati ya “TO LET”, na papo hapo nyumba nzuri hugeuka kuwa choo. Mwenye kibao na aache nafasi ndogo kati ya maneno.

Pia kuna “let” ya pili, isiyo na udugu na hii, ambayo maana yake ni kizuizi. Hupatikana katika maneno ya kale ya pasi za kusafiria za Uingereza, yaombayo mwenye pasi apite bila kuzuiwa, “without let or hindrance”. Wachezaji wa tenisi nao hulitumia mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha mchezo. Vivyo hivyo kuna “rent” nyingine, yenye maana ya mpasuko wa nguo. Ni maneno yaliyofanana kwa sauti tu.

Namna ya kulitumia “rent”

“Rent” ni jina na pia ni tendo. Likiwa jina, ni kodi ya nyumba au ya shamba: “The rent is due on the fifth”, kodi yapasa kulipwa tarehe tano. Aliyechelewa kulipa husemwa yuko “in arrears”. Aliyelipa kabla ya wakati amelipa “in advance”.

Likiwa tendo, ndipo shida ianzapo, kwa maana hilo hutazama pande zote mbili. “The clerk rents a room” kwa kawaida maana yake karani amepanga chumba. Lakini Mwingereza pia husema “The old man rents rooms to clerks”, yaani mzee hupangisha makarani. Mpangaji “rents”, mwenye nyumba naye “rents”. Kinachowatenga ni vijineno viwili tu: “from” kwa anayepanga, “to” kwa anayepangisha. Vikiachwa, msomaji wa barua hubaki akikisia.

Kwa mfano, mtu akiandika “I rented a flat in Nyayo Highrise last year”, je, ndiye aliyehamia, au ndiye mwenye nyumba aliyempa mwingine? Wengi watadhani ni mpangaji, lakini sentensi yenyewe haisemi. Akiandika “I rented a flat from a retired teacher”, shaka imekwisha. Akiandika “I rented out my flat”, shaka pia imekwisha, kwa maana “rent out” ni la mwenye mali peke yake.

Kwa hiyo kanuni yenyewe ni fupi. Mwenye mali aseme “let” au “rent out”. Mpangaji aseme “rent”, na baada yake aweke “from”. Akifuata hayo hataeleweka vibaya hata mara moja.

Kuna jamaa wawili wa maneno haya yafaao kutajwa kwa ufupi. “Hire” hutumika kwa vitu vya muda mfupi, kama baiskeli, gari, au viti na mahema ya arusi, na kwa kumwajiri mtu. “Lease” hutumika kwa mapatano ya muda uliotajwa, aghalabu yenye hati, na lenyewe pia hutazama pande mbili kama “rent”. Ndiyo sababu wanasheria hulazimika kutaja “lessor”, apangishaye, na “lessee”, apangaye. Karani asiwachanganye hawa wawili, kwa sababu tofauti yao katika hati imo katika herufi za mwisho tu.

Kiswahili chasemaje

Katika jambo hili Kiswahili kimejaliwa kuliko Kiingereza. Mtu hupanga, na mwenzake humpangisha. Mtu hukodi, na mwenzake humkodisha. Mtu hukopa, na mwenzake humkopesha. Silabi moja tu ikiongezwa mwishoni mwa tendo, yajulikana mara moja nani ametoa na nani amepokea, wala hapahitajiwi “to” wala “from”.

Ila yasikitisha kwamba mali hii yaanza kupotea. Nairobi leo ni jambo la kawaida kumsikia mtu akisema “Nimekodisha nyumba Kibera” na kumbe yeye ndiye mpangaji. Alipaswa kusema “Nimekodi” au “Nimepanga”. Yamkini amelichukua neno la Kiingereza “rent”, lenye kutazama pande mbili, akalitia ndani ya neno la Kiswahili ambalo halikuwa na shida hiyo. Wala Kiswahili chenyewe si safi kabisa, kwa maana neno “kuazima” hutumiwa na anayetoa na anayepokea pia. Lakini penye njia iliyonyooka, hakuna haja ya kuipinda.

Jambo jingine la kuangalia ni neno “kodi”. Kwa Kiswahili, malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba ni kodi, na malipo ya raia kwa Serikali ni kodi pia. Kwa Kiingereza ni maneno mawili mbalimbali, “rent” na “tax”. Wazee walioishi zamani za utawala wa Waingereza Kenya walijua “kodi ya nyumba” kuwa ile iitwayo “hut tax”, iliyoanza kutozwa mwaka 1901. Vijana wa leo wakisikia “kodi ya nyumba” hufikiri habari ya mwenye nyumba wao. Kwa hiyo mwenye kutafsiri barua asiandike “kodi” peke yake. Na aandike “kodi ya pango” kwa “rent”, na “kodi ya Serikali” kwa “tax”.

Mkulima naye ana lake. Kenya, mwenye ardhi aliyopewa na Serikali kwa muda wa miaka kadha hulipa “land rent” kwa Serikali ya taifa. Kuna malipo mengine, “land rates”, ambayo hulipwa kaunti. Tanzania malipo ya kwanza huitwa kodi ya pango la ardhi. Watu wengi wameonyesha stakabadhi ya “rates” walipoulizwa ya “rent”, wakarudishwa nyumbani. Maneno yameanza kwa herufi moja, lakini madirisha ya kulipia si mamoja.

Hasara ya neno moja

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya darasani. Na atazame mfano huu. Karani mmoja amepanga nyumba Nyayo Highrise, naye aandika kwa mkubwa wake kuomba posho ya nyumba: “I have let a flat at Nyayo Highrise for 20,000 shillings a month”. Alikusudia kusema amepanga. Alichoandika ni kwamba amepangisha. Kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, na kila mwezi hupokea shilingi 20,000. Mkubwa wake ataona ajabu kwamba mtu mwenye mapato hayo aomba posho.

Tena si mkubwa wa kazi peke yake anayelitazama neno hilo. Kenya, tangu mwaka 2016, mwenye kupangisha nyumba za kukaa hulipa Serikali kodi ya kila mwezi juu ya mapato yake ya pango, mapato hayo yakifikia kiasi kilichowekwa na sheria. Kiwango kilikuwa asilimia 10, kikapunguzwa kuwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Kwa hiyo atamkaye “I let” anajitaja kuwa mtu wa upande huo. Atamkaye “I rent from” anajitaja kuwa mpangaji, asiyehusika na kodi hiyo. Maneno yaliyodhaniwa kuwa ndugu yamewaweka watu wawili katika vitabu viwili tofauti.

Apangishaye apangisha nini?

Imekwisha kuonyeshwa kwamba asili ya “let” ni kuachilia. Mtu huachilia kilicho mkononi mwake. Hapa ndipo Kibera inapotoa somo ambalo kamusi haitoi.

Kwa Kiingereza mwenye nyumba huitwa “landlord”. Neno hilo limeungwa kwa maneno mawili, “land”, yaani ardhi, na “lord”, yaani bwana. Maana yake halisi ni bwana wa ardhi. Lakini katika sehemu kubwa ya Kibera mtu apangishaye vyumba ni mwenye kuta na mabati. Ardhi iliyo chini yake ni ya Serikali. Kwa sababu hiyo, katika karatasi za mipango ya kuijenga Kibera upya, wenye vyumba waliandikwa “structure owners”, wenye majengo, na wakaao humo wakaandikwa “tenants”, wapangaji. Waandishi wa karatasi hizo waliona kwamba “landlord” lingesema zaidi ya ukweli.

Jambo hili lina historia ndefu. Kibera ilitwaa jina lake katika neno la Wanubi, “Kibra”, maana yake msitu. Wanubi hao walikuwa askari wa Kisudani wa King’s African Rifles pamoja na jamaa zao, waliokalishwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari waliruhusiwa kukaa, kujenga na kulima. Hati ya kumiliki hawakupewa. Serikali ya Waingereza iliwahesabu kuwa “tenants at will”. Maneno hayo matatu yafaa kuangaliwa na kila asomaye Kiingereza. “Tenant” ni mpangaji au mkaaji. “At will” ni kwa hiari, yaani hukaa maadamu pande zote mbili zingali zapenda. Lakini mmoja wa wale wawili alikuwa Serikali, na mwingine alikuwa askari mzee na mkewe na wanawe. Si vigumu kujua hiari ya nani ilikuwa na nguvu.

Wanubi waliingojea hati yao kwa muda upatao karne moja. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi ya ekari 288, iwe mali ya jumuiya yao. Kati ya 1918 na 2017, watu wa makabila mengi walikuwa wamekuja Kibera kutafuta kazi Nairobi, vyumba vingi vilikuwa vimejengwa, na maelfu ya watu walikuwa wakipanga na kupangisha juu ya ardhi ambayo wengi wao hawakuwa na haki ya kuitoa.

Ndipo yaonekana kwamba barabara moja yaweza kuwa na wapangishaji wa namna mbalimbali. Yuko mwenye nyumba katika ghorofa la Nyayo Highrise, aliyeinunua na kupata hati. Huyo “lets” kwa maana kamili. Yuko mpangaji wake, ambaye hukipangisha chumba kimoja kwa kijana mgeni. Huyo “sublets”, hupangisha kilichopangwa, naye hana budi kuwa na ruhusa ya aliye juu yake. Wakati uliopita wa neno hilo ni “sublet” vile vile. Na chini ya mteremko yuko mwenye jengo la udongo. Yeye pia “lets”, na kodi yake hupokewa kila mwezi kama ya wengine, lakini anachoachilia ni paa na kuta, si ardhi.

Tofauti hiyo haionekani siku ya kulipa kodi. Huonekana siku ya kuondoka. Septemba 2009 baadhi ya wakaaji wa Soweto Mashariki katika Kibera walihamishwa kwa muda hadi nyumba za Lang’ata ili mahali pao pajengwe upya. Siku hiyo neno lililoandikwa mbele ya jina la mtu, “tenant” au “structure owner”, lilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa mpangaji alitazamia nyumba na mwenye jengo aliona mapato yake yakikoma. Julai 2018 nyumba nyingi zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang’ata Road. Tingatinga halikuuliza nani alipangisha na nani alipanga.

Yafaayo kuandikwa

Je, mpangaji mdogo asiye na hati yoyote hana chake? Anacho. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yakubali kwamba mapatano ya muda mfupi, usiozidi miaka miwili, yaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi. Na pasipotajwa muda, ikiwa kodi hulipwa kila mwezi, mapatano huhesabiwa kuwa ya mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuyavunja sharti ampe mwenziwe ilani isiyopungua muda huo. Basi mpangaji hahitaji kuwa na hati ndefu ili awe mpangaji. Lakini akipelekwa mbele ya hakimu atahitaji kuonyesha kwamba alilipa “rent”, wala hakusaidiwa tu kukaa.

Kwa hiyo stakabadhi yenye maneno sahihi ni silaha. Maneno haya yatosha, nayo yaweza kunakiliwa na kila mtu: “Received from”, kisha jina la mpangaji; “the sum of shillings”, kisha kiasi; “being rent for the month of”, kisha mwezi; “for room number”, kisha chumba. Chini yake iwe sahihi ya aliyepokea na tarehe. Alipaye kwa simu naye asiridhike na ujumbe wa fedha peke yake, kwa maana ujumbe huo wasema nani ametuma na nani amepokea, lakini hausemi kwa ajili ya nini. Na aombe mwenye nyumba amjibu kwa maneno: “Rent for March received”. Maneno manne tu, lakini siku ya ugomvi yatasema badala yake.

Mpangaji mpya naye aulize maswali mawili kabla ya kutoa amana: “Do you own this house, or do you rent it from someone?” Maana yake, “Je, nyumba hii ni yako, au wewe pia umeipanga kwa mtu?” Na la pili: “Are you allowed to let it?” Yaani, “Je, waruhusiwa kuipangisha?” Katika maswali hayo mawili maneno yote ya juma hili yametumika, kila moja mahali pake: “rent” pamoja na “from”, “let” kwa mwenye haki ya kuachilia, na “allowed” pamoja na “to”. Mwenye nyumba mwema hatakasirika kuulizwa.

Zoezi

Jaza nafasi kwa neno lifaalo: let, lets, rent, rents au rented.

1. The old soldier ...... three rooms to railway workers.
2. My sister ...... a small plot from the mosque and grows onions on it.
3. The caretaker will not ...... us keep goats on the stairs.
4. The flat was ...... to a nurse last week.
5. The clerk pays his ...... before the fifth day of the month.
6. We have ...... this shop from the same family since 2015.

Majibu

1. Lets. “Rents” pia si kosa, kwa sababu “to” ipo, lakini “lets” ni bora zaidi. 2. Rents, kwa sababu ya “from”. 3. Let, maana yake kuruhusu. Tazama kwamba “keep” haina “to” mbele yake. 4. Let, wala si “letted”. 5. Rent, nalo hapa ni jina. 6. Rented, kwa sababu ya “from” na ya “have”.

Aliyekosa la pili au la sita na arudi kusoma habari za “from” na “to”. Hayo ndiyo makosa yanayomgeuza mpangaji kuwa mwenye nyumba katika karatasi, na hali mfukoni mwake hakuna kilichobadilika.